Oganiki kwa kauli ya nani?

Shemeji yangu kaja juzi kutoka Dar, kaniletea zawadi. Korosho. Mimi, mkazi wa Mtwara, naletewa korosho kutoka Dar. Nimepokea kwa mikono miwili, nikashukuru, ndo malezi tuliyopewa.

Pakiti nzuri kweli, ina zipu. Mbele ORGANIC kwa herufi za kijani, chini yake "asilia 100%, haina kemikali", pembeni kajani kamechorwa. Nikageuza nyuma nitafute nani kathibitisha. Hakuna. Kuna namba ya wasapu na akaunti ya Instagram. Bei yake sitaitaja hapa, nisije nikaharibu undugu.

Nikamuuliza oganiki kivipi, shem? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Hizi hazina dawa shem, si kama hizo zenu mnazopulizia masalfa." Yaani ule unga wa salfa tunaopulizia mikorosho. Hapo ndo aliponitibua.

Aliyekulia Newala, Tandahimba au Nachingwea anazijua zile asubuhi za msimu wa kupulizia. Mnaingia shambani alfajiri umande bado uko kwenye majani ili unga ushike, mashine inanguruma mgongoni, vumbi la njano linapanda juu ya mkorosho, na ukisahau kufunga kitambaa puani utakohoa mpaka jua la utosi. Na huwezi kuacha, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukishaingia maua yanaota unga mweupe yanakauka, mwaka huo utabaki kuhesabu majani. Sasa shem wangu hajui kwamba salfa hiyohiyo INARUHUSIWA kwenye kilimohai, ndo oganiki yenyewe kwa Kiswahili. Ni madini ya asili, na kanuni za oganiki za Ulaya na za Marekani zote zinaikubali. Sisemi haina madhara, inaongeza tindikali kwenye udongo na macho yetu yanajua. Kinachokutoa kwenye oganiki ni zile dawa za maji za kiwandani, za ukungu na za wale wadudu tunaowaita mbu wa mikorosho. Kwa hiyo hiyo "haina dawa" aliyouziwa ni maneno ya muuzaji tu.

Oganiki ya kweli ina masharti. Marekani shamba linatakiwa likae miaka 3 bila kuguswa na kitu kilichokatazwa ndo uvune ukiwa na jina hilo. Bidhaa ya kusindikwa ikitaka lile jani la kijani la Ulaya, nembo yao ya oganiki, angalau 95% ya viambato vya kilimo viwe vya oganiki. Na sisi Afrika Mashariki tuna kiwango chetu tangu 2007, na alama ya Kilimohai ipo. Kwa nini hawakuibandika?

Na hata tukisema mkulima wake hajapuliza chochote, korosho zake zimepitia wapi? Huku mzigo unaenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaangaliwa unyevu na daraja, la kwanza au la pili, unapelekwa ghala kuu, unasubiri mnada. Karani hakuulizi ulipuliza nini. Ya bibi yangu ambaye hela ya dawa hana na ya jirani aliyemwaga kila kilichopo dukani zinalala ghala moja zinauzwa mnada mmoja. Huwezi kuchota oganiki humo hata uwe na miwani ya aina gani. Ili uitenganishe lazima uwe na kikundi kinachojulikana, shamba lililokaguliwa, magunia yenye alama, daftari, mzigo usiochanganywa tangu shambani mpaka kwenye pakiti. Hiyo kazi ina gharama na wapo wanaoifanya kwa jasho, halafu anakuja mtu na printa yake ya stika anachukua bei yao bila kukaguliwa hata siku moja. Huo ni wizi, tena bibi yangu haoni hata senti yake.

Haya, nikubali kidogo, mabaki ya viuatilifu kwenye vyakula vya oganiki ni machache, watafiti wa Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 mwaka 2012 wakaliona hilo. Ila kwenye virutubisho hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo shem, kama unatafuta afya, kula tu korosho, zozote, na punguza chumvi.

Muuzaji nimemtumia meseji kwenye hiyo namba yake, zinatoka kijiji gani na nani anakagua. Kanijibu kwa emoji ya jani na bei ya jumla. Kama unakijua kikundi chochote Mtwara au Lindi chenye korosho za kilimohai zilizokaguliwa kweli, nitumie jina lao, nanunua hata kwa bei hiyohiyo ya Dar.