Kiuno Kinazidi Kuuma Ukilala? Acheni Kuisingizia Figo

Haipiti wiki bila mtu kuuliza kwenye magrupu: "Jamani, kiuno kinaniuma, na nikilala ndiyo kinazidi, nifanyeje?" Majibu humiminika papo hapo. Hizo figo. Hiyo UTI sugu. Ngiri hiyo, itakumaliza nguvu za kiume, njoo inboksi. Pingili zimesagika, nunua virutubisho. Lala sakafuni. Na hakosi wa kushauri sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, "moja tu, utanishukuru".

Hakuna anayeuliza: ukilala vipi? Chali, kifudifudi au ubavu? Ukijigeuza yanapoa au yako palepale? Yanakuamsha saa ngapi?

Maumivu mengi ya kiuno, yale ya kubeba ndoo, kuinama shambani au kushinda juu ya bodaboda, hupoa mtu akijinyoosha. Kwa hiyo anayesema kulala ndiko kunakomtesa ametaja jambo zito kuliko yote aliyoyataja, na ndilo tunaloliruka kama hatujalisikia.

Wapo ambao tatizo lao ni mkao tu. Ukilala chali miguu imenyooka, kiuno hujikunja kuelekea juu, viungo vidogo vya nyuma ya pingili hubanana, na kwa mtu mzima ambaye njia ya neva imeshakuwa finyu, nafasi inazidi kubana. Huyu anajulikana: alale ubavu amekunja magoti, au aweke mto mnene chini ya magoti, baada ya dakika chache anapumua. Mchana akitembea miguu inamwia mizito, akiinama kusukuma baiskeli anapata nafuu. Huyo anahitaji mto na mazoezi, si maombi ya mkesha.

Godoro nalo, haya, nakubali. Lililobonyea katikati linaumiza. Ila hao wa "lala sakafuni" wajue kwamba mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania uliofanywa kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, na godoro la ugumu wa wastani ndilo lililoshinda godoro gumu.

Na figo? Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, pembeni chini ya mbavu, huja na homa au mkojo wenye damu, na mara nyingi hayajali umelala au umesimama. Kinachochekesha ni kwamba anayeogopa figo ndiye anayemeza diklofenaki mwezi mzima, dawa ambayo ikizoeleka huzidhuru figo hizohizo, na tumbo pia.

Sasa tuje kwa TB ya uti wa mgongo, ambayo kwetu huku ilipaswa kutajwa mapema kuliko ngiri. Bakteria husafiri kwa damu, wakatua kwenye pingili, mara nyingi pale mgongo unapokutana na kiuno, wakaanza kuila taratibu. Ni kazi ya miezi. Maumivu huanza kidogo, yanazidi usiku, hayasikii mkao. Wapo wanaopata homa ndogo za jioni, jasho la usiku, suruali inaanza kulegea. Wengine hawapati hata kimoja. Na hapa ndipo tunapopotea: mgonjwa hakohoi. Makohozi yanapimwa, hakuna kitu. Eksirei ya kifua safi. Eksirei ya mgongo nayo mwanzoni inaweza kuwa safi, kwa sababu pingili hupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla picha haijaonyesha kasoro. Anaambiwa "uko sawa, misuli hiyo", anarudi na kifurushi kingine cha vidonge.

Usaha wa TB hii mara nyingi hautoki nje. Unateremka ndani ya ala ya ule msuli mnene unaoanzia pembeni mwa pingili za kiuno, ukapita nyonga hadi kwenye paja. Msuli ukishajaa usaha, kunyoosha mguu ni mateso. Mtazame mgonjwa kitandani: amelala chali lakini goti moja limekunjwa, na ukijaribu kulilaza anashika mkono wako. Usaha ukifika chini, kinena kinavimba. Uvimbe hauna joto wala wekundu. Na mtaani unaitwaje? Ngiri! Anapelekewa mizizi.

Mtoto je? Angusha sarafu sakafuni umwambie aiokote. Mwenye mgongo mzima huinama. Mwenye TB ya pingili huchuchumaa mgongo ukiwa wima kama ubao, kwa sababu kuinama kunamuua. Ukisubiri kibyongo kichomoze ndipo uamini, umechelewa: pingili imeshaporomoka.

Halafu kuna hili la kuudhi kuliko yote. Mtu anapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu ya "UTI sugu" ambayo haikupimwa ipasavyo. Dawa za ukoo huo zinawauma kidogo bakteria wa TB, mgonjwa anapata nafuu ya wiki mbili tatu, ugonjwa unajificha, na bakteria wanapata nafasi ya kujifunza usugu. Wengine wanachomwa sindano za steroidi, dawa za kushusha uvimbe, maumivu yanashuka, kinga nayo inashuka.

Kinachotakiwa: maumivu ya usiku yakipita wiki chache, omba ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha dalili za uvimbe au maambukizi mwilini), kipimo cha VVU na eksirei ya mgongo. Eksirei ikiwa safi na maumivu hayaondoki, sema neno MRI kwa sauti, ile picha ya sumaku inayoona ndani zaidi ya eksirei. Ikionekana pingili imeliwa, sampuli ichukuliwe kwa sindano hapohapo kwenye pingili au usaha, ipimwe GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, makohozi hayatoshi. Tiba ni miezi 12, si 6 kama ya mapafu: miezi 2 ya dawa nne, kisha 10 ya mbili kati ya hizo, rifampisini na isoniazidi. Bure kabisa. Virutubisho vya pingili ndivyo vinavyouzwa.

Si kila kitu ni TB, sawa. Kijana wa chini ya miaka 40 anayeamshwa alfajiri, akitembea ndani ya nyumba anapoa, na asubuhi mgongo unakaza zaidi ya nusu saa, huenda ana uvimbe wa viungo vya uti. Wanywaji wa maziwa mabichi wapimwe brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Mwanaume aliyepita 50 apimwe tezi dume, na mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti asikubali kuambiwa ni uzee: saratani iliyofika kwenye pingili huuma zaidi ukilala, maana mishipa ya damu inayozunguka uti hujaa. Maumivu yanayopoa ukikaa na kuinama mbele, yakiwa na tumbo linalosokota juu ya kitovu, yanahusu kongosho.

Ganzi ikiingia mapajani kwa ndani na makalioni, pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo ukagoma, au miguu ikaanza kukosa nguvu, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Jumatatu ni mbali mno, na neva zikibanwa muda mrefu hazirudi.