Mfumo Unasema Hupo

Kijana mmoja kathubutu kuniambia asubuhi hii: "Mzee, wewe si umestaafu? Una haraka ya wapi?" Nimemeza mate. Mtu mzima hajibizani na mtoto mbele ya foleni. Lakini aliyeeneza uvumi kwamba mstaafu ana muda ajitokeze, tumalizane. Mwajiriwa ana bosi mmoja. Mstaafu ana mke, watoto, wajukuu, majirani na bomba la jikoni, na kila mmoja wao anaanza hivi: "Kwa kuwa upo tu nyumbani..."

Jumatatu ni ya bomba. Linadondosha, unakaza. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyoimaliza ile washa ya mpira iliyo ndani, nalo linadondosha kwa bidii zaidi. Mama, yaani mke wangu, anauliza kwa mara ya tano fundi anakuja lini, na wewe heshima haikuruhusu kusema kwamba fundi ndiye wewe. Haya. Funga kwanza koki kuu. Wanaoruka hatua hii huoga na nguo zao. Fungua bomba maji yaliyobaki yaishe, fungua kichwa kwa spana, toa washa iliyochakaa, itie mfukoni uende nayo dukani. Usiende na kumbukumbu. Ya nusu inchi na ya robo tatu zinafanana kabisa ukiwa dukani, ukirudi nyumbani hazifanani hata kidogo. Na kama bomba lenyewe ni lile la kuzungusha robo tu likafunguka, halina washa ya kukazwa. Ndani kuna visahani vya kauri, unabadilisha kichwa kizima. Hilo utaligundua ukiwa umeshanunua washa sita.

Jumanne ni ya miwani. Mama anatafuta yako, wewe unatafuta ya Mama, zote mbili ziko juu ya friji.

Jumatano sasa. Uhakiki wa wastaafu: kwenda kuthibitisha kwamba bado upo hai, pensheni isikatwe.

Mnavaa vizuri, wote wawili, kana kwamba uhai unapimwa kwa shati lililopigwa pasi. Bahasha ya vyeti kwapani. Mnakaa kwenye benchi, mnasogea, mnasogea tena, hadi suruali inang'aa nyuma. Zamu inafika.

"Shikamoo mzee. Weka kidole gumba cha kulia."

Unaweka. Kimashine kinalia, taa nyekundu.

"Tena."

Nyekundu.

"Bonyeza kwa nguvu, mzee."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na anayeharibu si mzee. Kile kimashine kinatafuta matuta na mabonde ya ngozi: tuta hili linaishia wapi, lile linagawanyika wapi. Ngozi ikizeeka hukauka, hulegea, matuta hushuka. Jumlisha miaka 30 ya saruji, chaki, jembe au sabuni kali, kinachobaki ni uwanja wa mpira. Ukibonyeza kwa nguvu, yale matuta machache yaliyosalia yanalala na kugusana, picha inatoka doa moja. Ukigusa juujuu, ngozi kavu inatoka imekatikakatika. Ukianza kutoka jasho kwa hofu ya kukosa pensheni, maji yanajaza mabonde, imekwisha.

"Mzee, mfumo unasema hupo."

"Sipo wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Na hapa dirishani, mwanangu?"

"Hapa mimi nakuona, mzee. Mfumo ndio haukuoni."

Unajaribu cha shahada. Unajaribu cha kati. Unajaribu kidole kidogo, ambacho tangu uzaliwe hakijawahi kuombwa kazi yoyote, nacho kinakataa. Nyuma yako foleni inakohoa ile kikohozi isiyo ya mafua. Kisha Mama anaitwa, anaweka gumba mara moja tu. Kijani.

"Mama yupo."

Kwa hiyo kwa mujibu wa mashine Mama ni mjane, na mjane huyo anaombwa amsogeze marehemu pembeni ampishe anayefuata!

Mama hana uchawi. Asubuhi alinawa kwa maji ya uvuguvugu, akajipaka losheni kidogo, akaifuta yote kabla ya kutoka. Alipofika dirishani alifuta kioo kwa leso, maana pale pamepita vidole vya nusu ya foleni, kila kimoja na mafuta yake. Akapitisha gumba kwenye paji la uso. Ngozi ya hapo ina mafuta yake ya asili, na kidole kikavu hakihitaji zaidi ya hayo. Akalaza sehemu nene ya kidole katikati ya kioo, si ncha kama anayebonyeza kengele, akatulia mpaka tatu bila kukisugua. Kikikataa, unajaribu mkono mwingine: anayetumia wa kulia, mara nyingi wa kushoto umechakaa kidogo zaidi, nina maana umechakaa kidogo kuliko huo wa kulia, mnaona hasira inavyovuruga lugha. Ila wa kushoto utasaidia tu kama uliandikishwa, kwa hiyo siku ya kuandikishwa usikubali kuondoka na gumba moja. Na vyote vikikataa, usibishane na aliyeko dirishani. Muulize msimamizi njia nyingine ya kuthibitisha, ukiwa na kitambulisho mkononi.

Hayo yote ni sawa. Lakini naomba niulize kitu kimoja. Miaka yote ile ya kukatwa michango, kuna mwezi hata mmoja walisema hawakuoni? Walikuona! Walikuona vizuri sana, hadi senti! Wakati wa kuchukua hupotei, wakati wa kupewa unaambiwa hupo!

Alhamisi mnarudi na kidole kilekile. Ijumaa mjukuu analeta simu "uishikilie tu dakika tano ipakue kitu".

Jumamosi tunaomba dakika 90 tu. Wazee wanne kwenye kochi la watu watatu. Kuna yule anayesimama mbele ya televisheni kueleza kile ambacho tungekiona kama asingesimama. Kuna yule ambaye bado anadai kipa akikaa na mpira zaidi ya sekunde 6 ni faulo. Tumemwambia tangu 2025 ni sekunde 8, na adhabu ni kona, anasema hiyo ni ya nchi nyingine. Na kuna wa kuotea. Anapanga vikombe mezani: hiki kipa, hiki beki, kijiko ni mshambuliaji. "Kijiko kikimpita beki wa mwisho, kimeotea."

Mama anapita na nguo za kukunja, hata hasimami. "Ni mpinzani wa pili kutoka mwisho, na mpira pia. Kipa akiwa amepanda mbele mnahesabu mabeki wawili. Halafu huo ulikuwa mpira wa kurusha, kuotea hakuna."

Vikombe vinarudishwa jikoni kimyakimya.

Shida kubwa lakini ni jirani. Yeye anapata picha kwa antena, sisi wajukuu walituunganishia intaneti wakasema ni ya kisasa. Ya kisasa inachelewa kama nusu dakika, kwa sababu picha inakatwa vipande na televisheni inalimbikiza vichache kabla ya kuonyesha isije ikakwama. Tumefunga dirisha, tumezima simu, haisaidii, jirani ana mapafu. Kwetu winga bado yuko katikati ya uwanja, wazee wanne tumeshikana mikono, mmoja ameshaanza kunyanyuka aende chooni.

"Kaa, shemeji," Mama anasema kutoka chumbani. "Wanafunga sasa hivi."