Mike Martin hakuhitaji kombe ili awe mkubwa
Mmeandika humu eti Mike Martin, kocha wa besiboli wa chuo kikuu cha Florida State, kazi yake ilibaki nusu kwa sababu hakuwahi kubeba ubingwa wa besiboli ya vyuo Marekani, hapo mi nakataa kabisa. Jamaa kakaa chuo kimoja misimu 40, kuanzia 1980 mpaka 2019, kashinda mechi 2,029, hiyo ni wastani wa zaidi ya 50 kila msimu, na kila mwaka timu yake iliingia mashindano ya taifa, hakuna hata mmoja alokosa. Omaha, mji zinakochezwa hatua za mwisho za mashindano hayo, kafika mara 17, akacheza fainali mbili, 1986 wakapigwa na Arizona na 1999 wakapigwa na Miami 6-5, sasa pointi moja ndo ifute yote hayo? Mbona hamjaandika kwamba mchezaji wake Buster Posey alihamishwa kuwa mdakaji, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, hapohapo chuoni, nafasi iliyokuja kumpa mataji matatu na San Francisco Giants, timu ya kulipwa, huko ndo kufundisha bana, kuona kitu kwa kijana ambacho mwenyewe hajakiona. Mnaofuatilia besiboli humu, mwanenu mngempeleka kwa kocha kama huyu au kwa mwenye kombe moja anayehama chuo kila baada ya misimu mitatu?