Pauni 2,000 kwa kanda nzima: mnada wa ITV ulimnufaisha nani?

Tarehe 16 Oktoba 1991, kampuni ya Central, iliyokuwa ikirusha matangazo ya televisheni kuanzia Birmingham hadi Nottingham, iliambiwa imepata leseni mpya ya miaka kumi katika mnada wa ITV ya Uingereza, kwa zabuni ya pauni 2,000 kwa mwaka. Siku hiyohiyo TVS ya kusini, iliyoahidi pauni milioni 59.76 kwa mwaka, iliambiwa ifungashe virago. Aliyeweka mezani fedha za kununua televisheni chache za sebuleni akabaki, na aliyewapita washindani wake wote kwa mamilioni akaondoka.

Ukiishia hapo utasema mnada ule ulikuwa kituko. Nami nilisema hivyo kwa muda mrefu. Lakini upande wa pili una hoja zake, na si za kupuuza.

ITV ninayoizungumzia ni ya Uingereza, si ile ya Dar es Salaam. Tangu 1955 haikuwa kampuni moja bali mtandao wa kampuni za kanda, kila moja na eneo lake, nembo yake, studio zake na watangazaji wake. Masafa yalikuwa mali ya umma, kampuni ikipewa kuyatumia kwa muda tu. Muda ukiisha, mdhibiti anaamua nani apewe. Mara mbili, 1982 na 1993, makabidhiano yalifanyika usiku wa kuamkia Mwaka Mpya: kituo kimoja kinaaga, saa sita inagonga, kingine kinaanza. Usiku wa 31 Desemba 1992 waliondoka wanne kwa mpigo. Thames ilikabidhi siku za kazi za London kwa Carlton, TVS ikaiachia Meridian, TSW ya kusini-magharibi ikaiachia Westcountry, na TV-am ya asubuhi ikaipisha GMTV.

Wanaotetea makabidhiano huanza na fedha. Kwa miaka mingi kituo cha kanda kilikuwa peke yake sokoni. Ukitaka kutangaza sabuni kwenye televisheni huko Yorkshire, mlango ulikuwa mmoja. Roy Thomson, mwanzilishi wa Scottish Television, alisema waziwazi kwamba leseni ya namna hiyo ni sawa na kibali cha kujichapishia noti. Mwenye kibali cha aina hiyo, asipoogopa kunyang'anywa, atajitahidi kwa sababu gani?

Hoja yao ya pili ndiyo iliyonitikisa. Kabla ya mnada, leseni ziligawiwa na IBA, mamlaka iliyosimamia televisheni za kibiashara, kwa kusoma maombi, kuwahoji waombaji na kuamua faraghani. Mwishoni mwa Desemba 1980 IBA iliitoa Southern, kampuni iliyokuwa ikipata faida na kutengeneza vipindi vizuri tu, ikaiweka TVS kwa sababu ahadi za TVS zilipendeza zaidi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Safari hii mwenyeji hakupona, na hakukuwa na kipimo chochote cha hadharani ambacho angeweza kukitumia kulalamika. Mnada ni wa zabuni za siri, na bahasha iliyofungwa, pamoja na ubaya wake wote, ina namba ndani. Namba zinalinganishwa. Maoni ya wajumbe waliofunga mlango hayalinganishwi na chochote.

Ndipo ikaja Sheria ya Utangazaji ya 1990. IBA ikafutwa, mdhibiti mpya aitwaye ITC akachukua nafasi yake, na kila mwombaji akatakiwa kuandika kwa siri kiasi atakacholipa Hazina kila mwaka. Kulikuwa na kizingiti cha ubora wa vipindi na cha uthabiti wa mpango wa biashara. Ukivivuka, mwenye fedha nyingi anashinda. Thames iliandika pauni milioni 32.79, Carlton milioni 43.17. Wote wawili walivuka. Miaka 24 ya Thames haikuwa na safu yake kwenye hesabu hiyo.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Thames iliadhibiwa kwa kipindi chake cha 1988 kuhusu wanajeshi wa Uingereza kuwaua kwa risasi wanachama watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, huko Gibraltar, kipindi kilichoikasirisha sana serikali ya waziri mkuu Margaret Thatcher. Ni simulizi tamu, ila haihitajiki, maana tofauti ya zaidi ya pauni milioni kumi inajitosheleza. Tena TV-am, ambayo bosi wake Bruce Gyngell alipendwa na Thatcher kwa jinsi alivyowakabili mafundi waliogoma, nayo ilianguka: milioni 14.1 dhidi ya 34.6. Thatcher, aliyekwisha kuondoka madarakani, alimwandikia barua ya majuto, naye Gyngell akaisoma hadharani. Sheria iliyoandaliwa chini ya serikali yake mwenyewe ilikuwa imemwangusha kipenzi chake.

Kasoro ya bahasha ni kwamba humfanya mtu anunue mbuzi kwenye gunia, halafu watazamaji ndio walishwe huyo mbuzi. Central na Scottish zilibashiri kwamba hakuna atakayejitokeza kushindana nazo, zikaandika pauni 2,000 kila moja, zikabashiri sawasawa. Yorkshire iliona wapinzani, ikaandika milioni 37.7. Kwa hiyo kanda mbili zinazopakana, zenye watazamaji wanaofanana na matangazo ya biashara yaleyale, zikaanza mwaka 1993 moja ikilipa karibu bure na nyingine ikibanwa koo. Fedha hizo haziendi kwenye vipindi, zinakwenda Hazina. Mtoto wa Leeds, huko Yorkshire, hakupata kipindi bora kwa sababu wakurugenzi wake waliogopa zaidi kuliko wale wa Birmingham.

Na namba zenyewe hazikuachwa ziseme peke yake. Granada ya Manchester iliandika milioni 9, mpinzani wake akaandika zaidi ya milioni 30, Granada ikabaki kwa sababu mpinzani hakuvuka kizingiti cha ubora. LWT, iliyoshika wikiendi za London, iliokolewa hivyohivyo. TSW, kama TVS, iliyaona ya upande mwingine: iliandika milioni 16.1 dhidi ya 7.82 za Westcountry, ikaambiwa haitaweza kuzilipa. Ilikwenda mahakamani hadi Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ikashindwa mapema 1992. Mimi naona ITC ilikuwa sahihi katika mengi ya hayo, lakini maana yake ni kwamba yale maamuzi ya faraghani yaliyodaiwa kufukuzwa kwa mlango wa mbele yalirudi kwa mlango wa nyuma, sasa yakiitwa uchambuzi wa mpango wa biashara.

Kuna hasara isiyoingia kwenye bahasha wala kwenye kizingiti. Huko kusini-magharibi kulikuwa na sungura wa kikaragosi, Gus Honeybun, aliyewapongeza watoto siku zao za kuzaliwa hewani tangu enzi za Westward, kituo kilichoitangulia TSW, miaka ya 1960. Westward ilipoondoka, TSW ilimrithi. Westcountry haikumtaka. Ni kitu kidogo, na mhasibu yeyote atacheka, lakini kwa mtoto wa Plymouth kituo cha televisheni kilikuwa ndicho huyo sungura. Kumbukumbu nazo zilitawanyika: filamu za TSW zilibahatika kubaki hukohuko kusini-magharibi, ilhali TVS, pamoja na hazina yake ya vipindi, iliuzwa kwa kampuni ya Marekani.

Nikipima pande zote, nabaki na wanaosema leseni lazima iwe na mwisho. Mali ya umma isiyorudi mezani huwa mali ya mtu. Ila bahasha siitetei, na sababu yangu kubwa haitokani na 1992 bali na yaliyofuata.

Mwishoni mwa 1993 serikali ililegeza masharti ya umiliki, na 1994 ikawa mwaka wa manunuzi. Carlton ikainunua Central. Granada ikaitwaa LWT bila ridhaa ya uongozi wake. Wamiliki wa Meridian wakaichukua Anglia ya mashariki. Westcountry ikamezwa na Carlton mwaka 1996, Yorkshire na Tyne Tees ya kaskazini-mashariki zikaenda Granada mwaka 1997. Zile pauni 2,000 za Central (kwa haki, ililipa pia asilimia ya mapato ya matangazo) ndizo zilizofungua mlango wa mauzo ya mamia ya mamilioni, na fedha hizo hazikwenda Hazina bali kwa wanahisa. Watetezi wanasema kampuni ndogo zisingehimili ushindani wa satelaiti, na huenda ni kweli. Lakini kama ni kweli, ile mitihani ya ubora na ahadi za kanda ilifanywa kwa ajili ya nani, ikiwa mshindi angeweza kuuza kila kitu baada ya miezi kumi na mitatu? Sheria iliyotaka leseni ishindaniwe ilipaswa pia kutaka irudi mezani pale mwenye nayo anapouza.

Mwishoni mwa Oktoba 2002 majina ya kanda nyingi yaliondolewa kwenye utambulisho wa vipindi, yakabaki kwenye taarifa za habari za maeneo yao. Februari 2004 Carlton na Granada ziliungana kuwa ITV plc, na jina la Carlton likafifia kwenye skrini. Thames iliendelea kutengeneza vipindi bila kuwa na kituo. Jina hilo, likiwa sasa chini ya wamiliki wengine, bado hutokea mwishoni mwa vipindi vya ITV.