Eti litaota tena

Wiki iliyopita nililala nyumba moja ya wageni Lushoto. Ubaridi, chai ya maziwa, mambo safi. Asubuhi natoka barazani, naona vigogo vyeusi vya kangaga-mti, lile kangaga linalosimama kama mti, vimepangwa bustanini kama vigoda, kila kimoja kimebebeshwa chungu cha maua.

"Mdogo wangu, hivi mmevitoa wapi?"

"Kule bondeni, kaka. Si majani tu haya? Litaota tena."

Haya, tupige hesabu. Kangaga-mti la Tasmania, kile kisiwa cha Australia, ambalo watu wamehangaika kulipima, hurefuka sentimita 3.5 hadi 5 kwa mwaka. Kwa mwaka! Ni mwendo wa kucha zako. Shina la mita 2 ni miaka 40, na likienda kwa mwendo wa chini ni kama 57. Hata spora, lile vumbi lake la kuzalia, halianzi kuzitoa mpaka lifike miaka 20 hivi.

Najua mjuzi mmoja atanitajia lile jingine la Australia linaloweza kupanda sentimita 30 kwa mwaka. Sawa, lipo. Hata hilo, mita 2 ni karibu miaka 7. Miaka 7 kwa ajili ya kuwekea chungu?

Na huo unene wa shina unaodanganya macho si mbao. Ni mizizi, imeteremka na kusokotana nje ya shina jembamba. Pete za kuhesabia umri hakuna. Linakua kwa kilele, kama mnazi. Mtu wa Pangani akikata mnazi kichwa halafu aseme utaota tena, atashikwa paji la uso kama ana homa.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini unayataja makangaga haya, lakini kwa kuvuka mipaka. Kutoka bondeni hadi barazani hakuna forodha.

Jioni nikateremka kijitoni. Lilibaki moja limesimama, jani changa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Nikageuza jani kuukuu, vumbi la kahawia likanibaki vidoleni. Pembeni, visiki vitatu.

Niliporudi kijana alikuwa anamwagilia, maji yanachuruzika juu ya makovu ya majani ya zamani.

"Hicho kimekuzidi umri," nikamwambia.

Akakisukuma kidogo kwa mguu. "Hiki? Acha utani, kaka."