Jean Ziegler na benki za Uswisi: alikuwa sahihi kwa kiasi gani?

Julai 2009 mahakama nchini Uswisi ilifunga faili la fedha za Mobutu Sese Seko. Zilikuwa faranga za Uswisi milioni 7.7 tu, zilizozuiwa tangu alipoangushwa mwaka 1997. Hazikwenda Kinshasa. Zilirudishwa kwa warithi wake, kwa sababu muda wa kisheria wa kushitaki ulikuwa umepita, na serikali ya Kongo yenyewe haikuwa imeisukuma kesi hiyo kwa nguvu. Mmoja wa wanawe, Nzanga Mobutu, alikuwa naibu waziri mkuu katika serikali hiyohiyo.

Kuna Mswisi mmoja aliyekuwa amepiga kelele kuhusu fedha za namna hii kwa zaidi ya miaka thelathini, ndani ya Bunge la nchi yake na nje yake. Kila ninapoisoma habari ya fedha za Mobutu namkumbuka yeye, na kila mara najiuliza: kelele zile zilisaidia nini?

Jean Ziegler alizaliwa Thun, mji mdogo karibu na Bern, Aprili 1934. Baba yake alikuwa hakimu. Novemba mwaka huohuo Uswisi ilipitisha sheria ya benki ambayo kifungu chake cha 47 kilifanya kutoa siri za mteja kuwa kosa la jinai. Mtoto na sheria hiyo walikua pamoja, na mmoja alikuja kumpiga vita mwenzake maisha yake yote. Alihamia Geneva, akafundisha sosholojia chuo kikuu, na mwaka 1967 akaingia Baraza la Taifa, moja ya mabaraza mawili ya Bunge, kwa tiketi ya chama cha Kisoshalisti. Alipoteza kiti mwaka 1983, akarudi 1987, akakaa hadi 1999.

Mwenyewe husema kilichomgeuza ni Kongo. Mwaka 1961, akiwa kijana msaidizi katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa, aliishi kwenye hoteli mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wapishi walikuwa wakitupa makombo nje, na ng'ambo ya seng'enge walisubiri watoto wenye njaa. Anasimulia kwamba akiwa dirishani aliapa kutosimama tena upande wa wanaowatesa watu. Miaka mitatu baadaye, kwa simulizi yake, alimwendesha Che Guevara kwa gari mjini Geneva wakati wa mkutano wa biashara wa Umoja wa Mataifa. Alipomwomba amchukue waende pamoja, Che alimwonyesha taa za jiji akamwambia abaki apigane hapo, kwani hapo ndipo ulipo ubongo wa lile dubwana la ubepari. Aprili 1965 Che mwenyewe alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana mashariki ya Kongo, akiitwa kwa jina la Kiswahili: Tatu. Ziegler alibaki na dubwana lake.

Ili uelewe alikuwa anapambana na nini, ingia Bern. Mbele ya jengo la Bunge kuna uwanja wa mawe ambao tangu 2004 una chemchemi 26 zinazoruka kutoka chini, moja kwa kila kantoni, yaani jimbo. Watoto hucheza humo wakati wa kiangazi wakilowa chapachapa. Zunguka uwanja huo kwa macho: upande mmoja Bunge, pande nyingine benki, na Benki Kuu ya Taifa ikiwamo. Halafu kumbuka kwamba ubunge wa Uswisi si kazi ya kutwa. Mabaraza hukutana vikao vinne kwa mwaka, takriban wiki tatu kila kimoja, na muda uliobaki mbunge ni mkulima, mwanasheria, daktari, au mjumbe wa bodi ya kampuni. Utaratibu huu wanauenzi, na una uzuri wake, maana mbunge hasahau bei ya maziwa. Lakini Ziegler aliuona mlango wa nyuma: anayekaa kwenye bodi ya benki asubuhi ndiye anayepiga kura ya sheria ya benki jioni. Alilisema hilo waziwazi katika kitabu cha mwaka 1976, na wenzake hawakumsamehe.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Wakati huo kusema kwamba fedha za madikteta zimelala Zürich na Geneva kulikuwa kama kutukana msikiti mbele ya waumini. Mei 1984 chama chake kiliwapelekea wananchi pendekezo la kupunguza usiri wa benki, na asilimia 73 ya wapiga kura wakalikataa. Kwa hiyo hakuwa anapambana na mabenki peke yake, alikuwa anawaambia ndugu zake jambo wasilotaka kulisikia. Mwaka 1990 alitoa kitabu kingine kuhusu utakatishaji wa fedha za mihadarati. Mwaka uliofuata Bunge likamvua kinga ya kutoshitakiwa. Kesi zikafuatana, akashindwa kadhaa na kuamriwa kulipa fidia kubwa.

Hapa pande zote mbili zina la kusema. Wapinzani wake walisema kinga ni ya maneno ya bungeni, si ya kitabu kinachouzwa madukani, na kwamba mtu aliyetajwa kwa jina ana haki ya kujitetea mahakamani kama raia mwingine yeyote. Hoja hiyo siibezi. Hata hivyo naona Bunge lilikosea. Kumtoa mwenzao mmoja awakabili matajiri na mawakili wao kwa mshahara wa profesa ni kuwaonya wote waliobaki.

Lakini wakosoaji wake hawakuwa vibaraka wa benki wote, na upungufu wake haukuwa mdogo. Alipenda sana sauti ya juu. Chukua suala la dhahabu ya Wanazi. Mwaka 1997 aliandika kwamba msaada wa kifedha wa Uswisi ulirefusha Vita Kuu ya Pili, na Julai 1998 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Nyumbani aliitwa msaliti, na wako waliotaka ashitakiwe kwa uhaini. Ukweli ulipatikana kwa njia nyingine. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na Bunge mwaka 1996 chini ya Jean-François Bergier ilifungua nyaraka na kutoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2002. Ilithibitisha kwamba Benki Kuu ilinunua dhahabu ya Wanazi na kwamba wakimbizi wa Kiyahudi walirudishwa mpakani. Dai la kwamba Uswisi ilirefusha vita haikulithibitisha. Ziegler alikuwa sahihi katika sehemu kubwa ya shitaka lake, akazidisha katika iliyobaki, na ile iliyozidi ndiyo iliyowapa wakwepaji mahali pa kujificha. Mtu anayewasemea maskini anatakiwa kuwa mwangalifu wa hesabu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye hatasamehewa hata kosa dogo.

Zito kuliko hilo ni Gaddafi. Ziegler alimtembelea Tripoli mara kwa mara, na jina lake lilihusishwa na kuanzishwa kwa tuzo ya haki za binadamu iliyobeba jina la Gaddafi mwaka 1989. Yeye amekana kuwa mwasisi wake. Mwaka 2011 tamasha la muziki la Salzburg, nchini Austria, lilimwalika atoe hotuba ya ufunguzi, kisha likafuta mwaliko kwa sababu ya ukaribu huo. Alijibu kwamba sababu ya kweli ni wafadhili wa tamasha, wakiwamo Nestlé na benki kubwa za Uswisi. Huenda wafadhili kweli hawakumtaka. Bado swali halijajibiwa: aliyeapa dirishani Léopoldville alikuwa akiona nini alipokaa hemani Tripoli? Akipenda, chongo huita kengeza. Wanaomhusudu hulipita jambo hili haraka mno, na mimi siwezi, kwa sababu magereza ya Libya yalikuwa na watu wa kweli ndani.

Kazi yake ya 2000 hadi 2008, alipokuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, ilimfaa zaidi kuliko ubunge. Alikuwa akisema kwamba mtoto anayekufa kwa njaa katika dunia yenye chakula cha kutosha ameuawa. Sentensi hiyo haihitaji jedwali.

Na usiri wa benki? Ulivunjwa na wengine. Machi 2008 waziri wa fedha Hans-Rudolf Merz aliliambia Bunge kwamba wanaoushambulia watavunja meno yao. Februari 2009 UBS, benki kubwa ya Uswisi, ilikubali kuilipa Marekani dola milioni 780 na kukabidhi majina ya wateja. Kilichoshindikana kwa miaka thelathini ya hotuba kiliwezekana kwa tishio la waendesha mashitaka wa nchi kubwa. Kwetu sisi hilo lina uchungu wake, maana Kongo haina ubavu wa namna hiyo. Mwaka 2012 Zitto Kabwe alipeleka bungeni Dodoma hoja kuhusu fedha za Watanzania zilizofichwa Uswisi. Mwaka 2018 Kenya ilitia saini mjini Nairobi makubaliano na Uswisi ya kurejesha mali za rushwa. Zote ni hatua za kuomba, na anayeomba hungoja.

Oktoba 2010 Bunge la Uswisi lilipitisha sheria inayoruhusu kutaifisha fedha za watawala wezi hata pale ambapo nchi iliyoibiwa imeshindwa kuendesha kesi. Ilitungwa kwa sababu ya fedha za dikteta Duvalier wa Haiti, na kwa aibu ya yaliyotokea kwa zile za Mobutu. Ziegler alikuwa ametoka bungeni miaka 11 nyuma. Walioiandika ni watu wa kamati, wa vifungu na koma, wasiojulikana Afrika. Sidhani wangepata Bunge la kuwasikiliza kama yeye asingekuwa amepiga kelele kwanza. Ilianza kutumika Februari 2011. Uamuzi wa kuwarudishia warithi wa Mobutu faranga zao milioni 7.7 ulikuwa umetoka mwaka mmoja na nusu kabla.