Senti 52 za kibandiko cha karatasi

Tangu Walmart ilipotangaza, Juni 2024, kwamba itafunga lebo za kielektroniki, yaani viskrini vya bei vinavyobadilishwa kwa kompyuta, kwenye rafu za maduka yake 2,300 ya Marekani kufikia 2026, mjadala umetawaliwa na hofu moja: kwamba bei ya aiskrimu itapanda jua likiwaka, na ya maji ya chupa itapanda kimbunga kikikaribia. Miezi miwili baadaye maseneta Elizabeth Warren na Bob Casey waliiandikia kampuni ya supamaketi ya Kroger barua, wakihoji iwapo lebo hizo, zikiambatana na kamera na taarifa za wateja, zitatumika kumtoza kila mtu kadiri anavyodhaniwa kuweza kulipa. Kroger ilikana kuwa na mpango wa kupandisha bei kwa namna hiyo. Anayesoma maneno hayo yote anaweza kuamini kwamba kibandiko cha karatasi kilikuwa mlinzi wa mnunuzi, na kwamba sasa mlinzi huyo anafukuzwa kazi.

Hofu hiyo ina mizizi. Abiria wa ndege wamekwisha kuzoea nauli inayobadilika kwa saa, na Februari 2024, mkuu wa migahawa ya Wendy's alipozungumzia bei zinazobadilika na mbao mpya za kidijitali za menyu, wateja walikasirika kiasi kwamba kampuni ililazimika kueleza kuwa haikukusudia kupandisha bei wakati wa msongamano. Tena chakula si tiketi ya ndege: mzazi hawezi kuahirisha maziwa ya mtoto mpaka bei itakaposhuka.

Hata hivyo, gharama ya karatasi yenyewe haitajwi, na kuna tarakimu ambayo ingestahili kukumbukwa kila jambo hili linapozungumzwa. Mwaka 1997 mwanauchumi Daniel Levy na wenzake walichapisha vipimo walivyochukua katika supamaketi kubwa za Marekani. Kubadilisha bei moja kuligharimu, kwa wastani, senti 52 za dola, ukijumlisha kazi ya wafanyakazi, uchapishaji, usimamizi na makosa. Kwa duka moja, gharama hiyo ilizidi dola 105,000 kwa mwaka. Ilikuwa 0.70% tu ya mauzo, lakini biashara ya vyakula huendeshwa kwa faida nyembamba, na kiasi hicho kililingana na 35.2% ya faida halisi. Mteja hakupata chochote kutokana na fedha hizo.

Senti 52 huonekana ndogo mpaka uzipeleke kwenye rafu ya mikate inayookwa dukani. Tuseme jioni imebaki mikate miwili ya dola moja moja, ambayo kesho haitauzika, na meneja anafikiria kuishusha hadi senti 60. Atapata senti 120. Kubandika bei mpya kunachukua 52, na kurudisha bei ya zamani asubuhi kunachukua 52 nyingine, kwa hiyo jasho lote hilo linamwachia senti 16. Meneja mwenye akili ataitupa mikate hiyo, wala hatakuwa na roho mbaya. Atakuwa amepiga hesabu tu. Kwa mishahara ya leo hesabu hiyo ni mbaya zaidi, na kinachoiumiza ni karatasi. Gharama ya kubadilisha bei ikikaribia sifuri, punguzo la jioni linakuwa na maana hata kwa mkate mmoja, na anayefaidika kwanza ni mnunuzi anayetafuta nafuu.

Kuna pia kero ambayo mnunuzi wa Texas na wa Nairobi wanaijua sawasawa: kufika kwa keshia na kukuta bei ya kwenye mashine ni kubwa kuliko iliyoandikwa rafuni. Mara nyingi si hila; punguzo limefutwa kwenye kompyuta na karatasi haijabanduliwa. Walmart inasema duka lake moja lina bidhaa zaidi ya 120,000, na kwamba mabadiliko ya bei yaliyomchukua mfanyakazi siku mbili sasa yanachukua dakika. Katika siku mbili hizo, rafu na mashine zingewezaje kusema jambo moja? Jimbo la North Carolina hulipitisha duka katika ukaguzi ikiwa makosa hayazidi 2%, na 2% ya vibandiko 120,000 ni vibandiko 2,400.

Wapinzani wana hoja moja ambayo watetezi wa lebo hawapendi kuigusa. Katika utafiti uleule wa 1997, kampuni iliyobanwa na sheria ya kuandika bei juu ya kila bidhaa ilitumia dola 1.33 kwa kila badiliko, na kwa wiki ilibadilisha bei za bidhaa chache kuliko nusu ya zile za wenzake. Gharama ilikuwa breki, na breki hiyo inaondolewa. Lakini ilikuwa breki isiyochagua, iliyozuia kushuka kwa bei kama ilivyozuia kupanda.

Utafiti wa 2025 wa Robert Sanders, Ioannis Stamatopoulos na Robert Bray, uliotumia takwimu za 2019 hadi 2024 za kampuni moja ya supamaketi ya Marekani, ulikuta kwamba kabla ya lebo upandishaji wa bei wa muda mfupi uligusa 0.005% ya bidhaa kwa siku, na baada yake uliongezeka kwa pointi 0.0006 za asilimia tu. Ni kweli kwamba kampuni moja si soko zima, na mfanyabiashara aliyekwisha kumulikwa hujichunga. Ila kinachodaiwa kuwa balaa hakijaonekana pale kilipotafutwa.

Kuhusu wafanyakazi, Walmart inaahidi kwamba muda uliookolewa utatumika kuwahudumia wateja. Ahadi isiyo na kipimo siipi uzito.

Kinachopaswa kubanwa ni mwenendo wa bei. Nchini Norwei, supamaketi za REMA 1000 hutumia lebo hizi kushusha bei hata mara nyingi kwa siku, lakini hupandisha usiku tu, duka likiwa limefungwa, ili bei isipande bidhaa ikiwa tayari kikapuni. Huo ni utaratibu wa kampuni, na hakuna sababu usiwe sheria. New York, kwa upande wake, tangu Novemba 2025 inamtaka muuzaji atangaze pale bei inapopangwa na algorithimu, yaani kanuni za hesabu za kompyuta, kwa kutumia taarifa binafsi za mteja. Sheria hiyo inakwenda kwenye kiini, kwa sababu bei ya kila mtu peke yake hupangwa kwa urahisi zaidi kwenye simu kuliko kwenye rafu inayotazamwa na watu kumi kwa pamoja.

Ningeongeza sharti moja. Mfumo unaobadilisha bei kwa dakika unaweza pia kuandika kila badiliko, saa yake na kiasi chake, na wakaguzi wa majimbo wapewe haki ya kuifungua kumbukumbu hiyo bila kubisha hodi kwa wiki nzima. Bila hiyo, mnunuzi anayedai kwamba bei ilikuwa nyingine alipochukua bidhaa hana cha kuonyesha, isipokuwa awe ameipiga picha.